Hotuba Juu ya Khidma ya Marehemu Bibi Dekha Ibrahim Abdi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.



Ni desturi njema ya jumuiya, kila inapokusanyika kwa ukumbusho, kumtaja mtu mmoja ambaye maisha yake yaweza kuwa somo kwa vijana. Aghalabu hutajwa shehe aliyesomesha, au tajiri aliyetoa kiwanja cha madrasa, au mzee aliyekuwa na busara ya kupatanisha watu. Safari hii ametajwa mwanamke. Tena si mwanamke wa Burundi, bali wa Wajir, mji ulioko kaskazini mashariki ya Kenya, upande wa mpaka wa Somalia.

Huenda mtu akauliza: Wajir na Bujumbura zina uhusiano gani? Huko ni nchi kavu ya ngamia na visima. Huku ni ufuko wa Ziwa Tanganyika, nchi ya mawese na ndagala. Jawabu ni kwamba mji ule, kama huu, ulifika siku moja mahali ambapo jirani alimwogopa jirani yake. Na miongoni mwa waliosogeza jiwe la kwanza katika njia ya suluhu alikuwamo binti wa Kiislamu aliyetoka katika shule ya wasichana, pamoja na wenzake wachache, wasiokuwa na cheo, wala silaha, wala mshahara wa kazi hiyo.

Bibi Dekha alizaliwa mwaka 1964. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, lakini watu wa kaskazini mashariki hawakuuonja utulivu wa uhuru huo. Wengi miongoni mwa Wasomali wa sehemu ile walitaka kuungana na Somalia, na serikali ilikataa. Ndipo vikazuka vita vilivyoitwa vita vya Shifta, vilivyoendelea hata mwaka 1967. Jimbo zima likawekwa chini ya sheria ya hali ya hatari, na sheria hiyo haikuondolewa ila mwaka 1991. Basi mtoto aliyezaliwa Wajir mwaka 1964 alifika umri wa miaka 27 kabla ya kuishi siku hata moja chini ya sheria ileile waliyoishi nayo raia wengine wa nchi yake.

Katika hali hiyo alipelekwa shule. Yafaa wasikilizaji wapime uzito wa neno hilo. Katika nchi ya wafugaji wanaohama na mifugo yao kufuata mvua, shule zilikuwa chache kwa wavulana, na kwa wasichana zilikuwa chache zaidi. Wazazi wengi waliona kwamba binti aliyekwenda shule ni binti aliyepotea. Dekha alisoma katika shule ya wasichana ya Wajir, na yaliyomfaa humo hayakuwa hesabu na lugha peke yake. Mtaa aliokulia ulikuwa wa watu mchanganyiko, na shuleni hali ilikuwa hivyo hivyo: Waislamu na Wakristo, watu wa ukoo huu na wa ukoo ule, waliketi dawati moja. Aliyepata kuazimana kalamu na mtu hawezi kwa urahisi kuaminishwa kwamba mtu yule ni adui tangu kuzaliwa.

Alikuwa na umri wa miaka kama ishirini ilipotokea Wagalla. Februari 1984 askari waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawashikilia siku kadhaa juani, na wengi wakauawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria waliokufa kuwa karibu elfu moja. Msiba huo ulikaa miaka mingi bila kutamkwa hadharani. Mtu aliyeukulia angeweza kujifunza mambo mawili: ama kulipiza kisasi, ama kunyamaza. Bibi Dekha alichagua jambo la tatu, nalo halikuwa jepesi.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka. Wakimbizi walivuka mpaka, na bunduki zikavuka pamoja nao. Ukame ulikuwa umekwisha kuua mifugo, na mfugaji asiye na mnyama hana chakula wala mahari, wala heshima. Kisha ukaja uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, na kila ukoo ukaona kiti cha bunge ni kisima ambacho mwingine asipewe kunywa. Koo za Degodia, Ajuran na Ogaden zikapigana. Watu wakauawa malishoni na njiani, mifugo ikanyang'anywa, na wafanya kazi wa misaada wakashambuliwa. Katika muda wa miaka kama mitatu walikufa watu zaidi ya elfu moja.

Wakati huo Bibi Dekha alikuwa mama mwenye mtoto mdogo, akifanya kazi ya kuwapelekea tiba wafugaji wanaohama. Siku moja ya mwaka 1992 alihudhuria arusi pamoja na wanawake wenziwe. Arusini watu huzungumza habari za mavazi na za bwana arusi; lakini wanawake wale walijikuta wakizungumza habari ya hofu. Mmoja alisema hawezi kutuma mtoto dukani. Mwingine alisema hata kwenda arusini amekwenda kwa wasiwasi. Wakaona kwamba wanawake wa koo zinazouana wameketi jamvi moja, wala hakuna aliyemdhuru mwenziwe. Ikiwa jambo hilo lawezekana arusini, kwa nini lisiwezekane sokoni? Basi wakaagana kukutana tena.

Baadaye kidogo ikatokea usiku ambao Bibi Dekha aliusimulia mara nyingi katika maisha yake. Risasi zililia karibu na nyumba yake. Alimnyakua mtoto wake, akaingia naye chini ya kitanda, wakakaa humo saa nyingi huku risasi zikipita chumbani. Kulipokucha mama yake mzazi alimwambia habari ambayo ilimchoma kuliko risasi zile: kwamba katika miaka ya 1960, wakati wa Shifta, yeye naye alimficha Dekha chini ya kitanda, Dekha akiwa mtoto mchanga. Bibi, mama na mjukuu. Vizazi vitatu, na wote mahali pa kujificha ni pale pale. Mama na binti walihuzunika kwamba miaka karibu thelathini imepita na hakuna kilichobadilika. Dekha akajiuliza kama na mwanawe atakapokuwa mzazi atalala chini ya kitanda na mtoto wake. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa khidma yake, na hakuirudisha nyuma tena hata alipokufa.

Ndugu Waislamu, sasa yafaa kueleza kazi yenyewe ilivyofanywa, kwa maana mara nyingi watu husifu amani kama wanavyosifu mvua, kana kwamba hushuka yenyewe.

Wanawake wale walianza sokoni. Uhasama ulikuwa umefika hapo: muuza maziwa wa ukoo mmoja hakubali kumwuzia mtu wa ukoo mwingine, na ugomvi wa kibaba cha unga unageuka vita vya usiku. Walikwenda kwa wauzaji mmoja mmoja, wakazungumza nao, wakakubaliana kwamba soko liwe mahali salama pa mwanamke yeyote. Kisha wakaweka kamati ya kulitazama soko kila siku. Aliyetukanwa au kuzuiwa kununua alikwenda kwa kamati, na jambo likasuluhishwa kabla ya jua kuchwa. Hawakungoja mkataba wa serikali. Walianza pale ambapo mikono yao ilifika.

Lakini walijua mpaka wa uwezo wao. Katika mila ya Kisomali neno la vita na la suluhu ni la wazee, na mwanamke aliyesimama mbele ya baraza akaamrisha angalirudishwa nyumbani. Hapo ndipo ilipoonekana hekima yao. Waliwaendea wazee, wakawaomba wakutane. Na wazee walipokutana, waliachiwa wao wenyewe baraza, na aliyefungua mashauri alikuwa mzee wa ukoo mdogo usiokuwa mmoja wa wapiganaji wakubwa, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba ukoo fulani umeshinda. Wanawake hawakutaka sifa ya kuonekana. Walitaka jambo litendeke. Mashauri yale yakazaa mapatano yaliyoitwa Azimio la Al-Fatah, Septemba 1993, ambayo ndani yake wazee wa koo waliahidi kuacha uuaji na wizi wa mifugo, na kuwajibika kwa watu wao.

Kazi haikukoma kwa kutia sahihi. Vijana waliokuwa na bunduki porini waliendewa huko huko porini, wakasikilizwa wanataka nini. Wakaonekana kuwa wanachotaka kwanza ni riziki. Wafanya biashara waliombwa wachangie. Maafisa wa serikali na polisi walisogezwa polepole, ingawa watu wa Wajir walikuwa na sababu nyingi za kutowaamini. Likaundwa kundi la kukimbilia mahali pa ugomvi mara unapotokea, lenye mzee, mwanamke, kijana, mtu wa dini na askari. Habari ikija asubuhi kwamba ng'ombe wameibwa kisimani, hawakungoja kesho. Walikwenda siku ile ile, maana walijua kwamba wizi usiosuluhishwa leo ni maiti kesho kutwa. Mwaka 1995 vikundi hivi vyote viliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na serikali ya wilaya ikaikubali kuwa sehemu ya kazi zake. Baadaye wilaya nyingine za Kenya ziliiga mfano huo.

Lililo kubwa ni kwamba hakuna aliyeshurutishwa. Wanawake wa kwanza walijitolea nafsi zao. Walitoka majumbani wakiwa na watoto, wakarudi kupika, kisha wakatoka tena. Wapo walioitwa wasaliti na watu wa ukoo wao wenyewe, kwa kuwa walikula na wake wa adui. Khidma ya kujitolea ina gharama hiyo ambayo haiandikwi katika daftari la mweka hazina.

Tena Bibi Dekha hakuwatumikia Waislamu peke yao. Palipoingia chuki baina ya Waislamu na Wakristo mjini Wajir, na makanisa yakaharibiwa, wanawake wa dini zote mbili waliunda kamati ya maafa, na kamati hiyo ikasaidia kujenga upya kilichobomolewa. Wajir ni mji wa Waislamu; Wakristo huko ni wachache, aghalabu wageni waliokuja kwa kazi. Mwenye nguvu akimlinda asiye na nguvu, hapo ndipo dini hupimwa, kwa kuwa kumlinda aliye mwingi na mwenye nguvu ni jambo ambalo hata asiye na imani huliweza.

Wako wanaodhani kwamba mtu wa namna hii ni mtu aliyeiweka dini yake kando. Sivyo. Bibi Dekha alivaa hijabu yake, alisali, na katika mafunzo yake alianza na habari ya nafsi kama inavyoelezwa katika ilimu ya Kiislamu. Alifundisha kwamba mpatanishi ajitazame yeye mwenyewe kabla ya kuwatazama wagomvi: ana chuki gani moyoni, anampendelea nani, anataka sifa gani. Nafsi iliyochafuka haiwezi kuosha nyingine. Jambo hilo kila aliyepita madrasa hapa Bujumbura amelisikia. Tofauti ni kwamba yeye alilitoa madrasani akalipeleka barazani, sokoni na kwa wenye bunduki.

Ilimu ile aliyoipata kwa taabu aliisambaza. Alikuwa mmoja wa walioandika kitabu cha mafunzo ya usuluhishi kiitwacho Working with Conflict, kilichotoka mwaka 2000, kinachotumiwa na wapatanishi wa nchi nyingi. Alifundisha Afrika, Asia na Ulaya. Na mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa huko Stockholm, nchi ya Sweden, kwa kuwa ameonyesha namna tofauti za dini na kabila zinavyoweza kusuluhishwa hata baada ya damu kumwagika. Mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Amani ya jimbo la Hessen, Ujerumani.

Lakini mtihani wa tuzo ulikuja kabla wino wake haujakauka. Alipewa heshima ile mwishoni mwa 2007, na tarehe 27 Desemba mwaka huo huo Kenya ikafanya uchaguzi wake wa rais. Matokeo yalipotangazwa, nchi iliwaka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika majuma machache, na malaki wakafukuzwa makwao. Bibi Dekha angeweza kukaa kando; alikuwa amekwisha kufanya sehemu yake. Badala yake yeye na wenzake wanne, miongoni mwao Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, waliunda kundi lililoitwa Raia Wanaojali Amani. Walikutana katika hoteli moja ya Nairobi, wakafungua baraza kwa kila raia aliyetaka kusema neno la kutuliza. Walitumia simu za mkononi kupokea habari kutoka mitaani: hapa watu wanakusanyika na mapanga, pale nyumba zimetiwa alama, kule wazee wako tayari kuzungumza. Habari ikifika, hupelekwa kwa mtu wa karibu anayeweza kuzuia. Ilikuwa ni ile ile kamati ya soko la Wajir, illa soko sasa lilikuwa nchi nzima. Mapatano ya wakubwa yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Bwana Kofi Annan; lakini kabla ya siku hiyo, na baada yake, raia wa kawaida walikuwa wakizima moto mtaa kwa mtaa.

Julai 2011 alikuwa safarini kwenda Garissa, kwa kazi ile ile ya amani, gari likapata ajali. Mumewe na dereva walifariki. Yeye alilazwa Nairobi, na tarehe 14 Julai 2011 akafuata. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hakufikia umri wa miaka hamsini. Aliacha watoto, na aliacha wanafunzi katika nchi nyingi. Mwaka 2019, miaka minane baada ya kufa kwake, kilichapishwa kitabu kingine chenye jina lake juu ya usuluhishi, alichokiandika pamoja na mwenziwe Simon Mason. Waislamu wamefundishwa kwamba ilimu yenye manufaa ni katika amali ambazo thawabu yake haikatiki kwa mauti.

Wasikilizaji waheshimiwa, hapa ndipo pa kurudi Bujumbura.

Mji huu ulipokuwa ukiitwa bado Usumbura, kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, mtaa wa Buyenzi ulikuwa tayari ni mtaa wa Waswahili, watu waliounganishwa na dini na lugha kuliko nasaba. Babu zao walitoka Ujiji, Manyema, Rwanda, na ndani ya Burundi yenyewe. Mtoto wa Buyenzi alijua jina la jirani yake, chuo alichosoma, na kama baba yake ni fundi cherahani au mvuvi. Kuulizana kabila haikuwa adabu. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya mji ilianza kukatwa vipande: huu wa hawa, ule wa wale. Buyenzi ulikaa muda mrefu ukiwa wa wote. Wako waliofichwa humo ambao hawakuwa Waislamu wala hawakuwa jamaa. Walifichwa kwa kuwa walibisha hodi. Hata hivyo haifai kusema uongo katika ukumbusho: Machi 1995 Bwiza na Buyenzi navyo viliingiwa na mauaji, na majirani wengi walikimbia wasirudi. Heshima ya mtaa ni ya kweli, na jeraha lake ni la kweli pia.

Tena Burundi ina kitanda chake. Yuko bibi aliyejificha mwaka 1972. Binti yake alijificha mwaka 1993. Na mwaka 2015 mji huu ulisikia tena risasi za usiku, na mjukuu akavutwa mkono ajifiche. Hesabu ni ile ile ya Wajir: vizazi vitatu. Kila nyumba iliyopitiwa na hayo yajua jinsi sakafu ilivyo baridi saa tisa za usiku, na jinsi mtoto anavyozibwa mdomo asilie. Swali alilojiuliza Bibi Dekha asubuhi ile si la Wasomali peke yao.

Wala haiwezi kusemwa kwamba wanawake wa Burundi hawakulisikia. Mazungumzo ya Arusha yalipokuwa yakiendelea chini ya Mwalimu Julius Nyerere, na baada ya kifo chake Oktoba 1999 chini ya Bwana Nelson Mandela, wanawake wa Burundi walisimama mlangoni muda mrefu wakiomba kuingia. Julai 2000 ulifanyika mkutano wao maalumu, wenye wajumbe kutoka katika vyama vyote 19 vilivyokuwa vikizungumza, na mapendekezo yao mengi yakaingia katika Mapatano ya Arusha yaliyotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Vita havikukoma siku hiyo. Lakini tangu hapo hakuna awezaye kusema kwa haki kwamba suluhu ni shughuli ya wanaume tu.

Basi maisha ya Bibi Dekha yanawaambia nini watu wa jumuiya hii?

Kwanza, yanasema na wazazi. Bado wako wanaohesabu ada ya shule ya binti kuwa fedha iliyotupwa, kwa hoja kwamba ataolewa na faida itakwenda kwa wengine. Binti wa Wajir aliolewa, akazaa, akalea. Na ilimu yake ilikwenda kwa wengine kweli. Ilikwenda kwa mjane wa ukoo wa adui aliyepata tena kuuza maziwa, kwa mchungaji aliyefika kisimani akarudi salama, kwa mtoto aliyekwenda dukani jioni. Ikiwa hiyo ndiyo hasara, Mwenyezi Mungu ajaalie kila nyumba ya Bujumbura ipate hasara kama hiyo.

Pili, yanasema na wazee. Wanawake wa Wajir hawakuwanyang'anya wazee baraza. Waliwaendea kwa adabu. Lakini wazee nao walifungua mlango. Lau wangaliona haya kusikiliza wanawake, pasingalikuwa na Al-Fatah. Katika kila jumuiya wanawake huitwa siku ya maulidi na siku ya matanga, wapike na kuosha vyombo. Ni khidma yenye thawabu, wala hapana anayeidharau. Lakini yule yule anayepika pilau kwa ajili ya watu mia tatu ndiye anayejua nyumba gani ina njaa, kijana gani ameanza kulala nje, na majirani gani hawasalimiani. Kumwita jikoni na kutomwita katika shauri ni kuacha nusu ya akili ya mtaa nje ya mlango.

Tatu, yanasema na vijana waliosoma, wanaume kwa wanawake. Wengi husema watajitolea wakisha pata kazi, nyumba na gari. Bibi Dekha alianza akiwa na mtoto mdogo, katika mji wenye ukame na vita. Hakuanza na fedha za wafadhili wala na barua yenye muhuri. Alianza na wanawake wachache waliokutana arusini, wakakubaliana siku ya kukutana tena, na siku ilipofika wakaja. Huenda neno hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mikutano mingi ya kheri hufa si kwa kukosa fedha bali kwa kukosa watu siku ya pili.

Na mwisho, yawakumbusha wote wale ambao majina yao hayatasomwa mahali popote. Bibi Dekha alipata tuzo. Wenziwe wengi wa sokoni hawakupata. Hapa Bujumbura pia wako akina mama waliofungua mlango usiku wa 1993 wakamwingiza mtu wasiyemjua, wakamlisha siku saba, wakamtoa salama, na mpaka leo hawajamwambia mtu. Wako waalimu wa kike waliosomesha watoto wa madrasa miaka thelathini kwa malipo ya sabuni na sukari. Wako wanaowaosha maiti wa maskini bila kuitwa mara mbili. Yafaa kila kijana aliyepo hapa, atakaporudi nyumbani, amwulize bibi yake alifanya nini katika miaka ile, kisha akae chini asikilize mpaka mwisho. Ukumbusho wa mtu wa mbali una faida ikiwa unafungua macho kumwona aliye karibu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Dekha Ibrahim Abdi, na mumewe, na wote waliokufa Wajir na Wagalla, na waliokufa Burundi, wa dini hii na wa dini nyingine. Awalinde watoto wa mji huu, kitanda chao kiwe cha kulalia, si cha kujificha. Awape mabinti wa jumuiya ilimu yenye manufaa, awape wazee masikio yenye kusikia, na awajaalie walioahidiana kukutana wakutane.

Amin, ya Rabbal alamin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.